Nilivyookoa filamu ya LaserDisc baada ya kushauriwa vibaya mara mbili

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipotaka kuhifadhi kwenye kompyuta filamu zangu za LaserDisc, diski kubwa za filamu zinazosomwa kwa leza, ulikuwa mfupi: "Ingiza diski kwenye kompyuta, nakili, umemaliza." Aliyenishauri hakuwahi kuishika diski yenyewe, maana ina kipenyo cha sentimita 30, sawa na santuri, na picha iliyomo si ya kidijitali kama ya DVD. Ni mawimbi ya analogi yaliyochorwa kwa vishimo vidogo mno tangu teknolojia hiyo ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1978.

Ushauri wa pili ulinipotezea miezi mitatu. Muuzaji mmoja aliniuzia kifaa cha USB cha kurekodi picha kwenye kompyuta, cha dola ishirini hivi, akaapa kwamba nikikiunganisha na soketi ya njano ya kutolea picha kwenye mashine ya kuchezea diski nitapata picha safi. Katika mawimbi ya LaserDisc, mwanga na rangi husafiri vikiwa vimechanganyika, na kifaa kile hakikujua kuvitenganisha: shati la mistari la mhusika mkuu liliwaka rangi za upinde wa mvua, na kingo za maandishi zikatambaliwa na vinukta kama siafu. Isitoshe, kila mawimbi yalipoyumba kifaa kiliruka fremu (picha moja moja zinazounda filamu), hata kufikia mwisho wa upande wa kwanza midomo ilikuwa imekwisha kufumba na sauti bado inaendelea. Kwa ukaidi wangu nilirekodi filamu nzima hivyo hivyo, nikawaonyesha wa nyumbani, na binti yangu akauliza kama waigizaji wale walikuwa wakizungumza chini ya maji.

Kilichonitoa aibu ni Domesday Duplicator, kifaa huria ambacho hakina haja na soketi ya njano, kwani huchukua mawimbi ghafi ya leza ndani ya mashine kabla hayajageuzwa kuwa picha, sampuli (yaani vipimo vya mawimbi) milioni 40 kila sekunde, kisha programu ya ld-decode hutoa picha na sauti humo kwa utulivu. Nililehemu waya mmoja, nikatoboa tundu nyuma ya mashine, basi. (Chomoa umeme kwanza, mimi nilisahau siku moja, na mkono wangu haujasahau.) Nilitumia dola mia tatu na ushee, bila kuhesabu diski kuu ya kompyuta, maana saa moja ya kurekodi hula takribani gigabaiti 180.

Siku niliyokuwa tayari, trei ya mashine ilikataa kutoka. Mkanda wake wa raba ulikuwa umelegea kwa uzee, na mpya ungechelewa kufika. Niliuchemsha katika sufuria ya chai kwa dakika chache, mke wangu akinitazama bila neno, nao ukajikaza, trei ikatoka kana kwamba ni mpya. Ulidumu wiki mbili, na sufuria nilinunua nyingine.

Ninachojivunia zaidi ni kufuta madoa. Gundi inayounganisha pande mbili za diski hizi ikichoka, hewa hupenya na kula alumini, na picha hujaa chembe nyeupe. Nilikusanya nakala tatu za filamu moja, zote mbovu, ya mwisho kwa dola tano kutoka kwa mtu aliyenihurumia waziwazi. Kila fremu ina namba yake ndani ya mawimbi, kwa hiyo programu hupanga nakala zote tatu sambamba na kuchagua thamani ya katikati kwa kila nukta. Doa lililo kwenye nakala moja tu hushindwa na mbili zilizo safi. Filamu ina pande nne za nusu saa, yaani diski mbili, kwa hiyo nilirekodi mara kumi na mbili.

Pande tatu zimetoka safi kabisa. Upande wa nne una sekunde mbili ambapo nakala zote zina kasoro palepale, maana zilichapwa kwa kalibu moja kiwandani, na sasa ninatafuta nakala iliyochapwa kwa kalibu nyingine.