4294967297, namba iliyompita Fermat

Chukua 2, uipandishe hadi kipeo cha 32, kisha ongeza 1: jawabu ni 4294967297. Kwa macho tu haina dalili yoyote ya kugawanyika. Ni witiri, jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haiingii, na 5 na 7 pia hazifui dafu.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliandika katika barua zake za mwaka 1640 kwamba anaamini kila namba ya ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, kisha ongeza 1) ni tasa, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho. Tano za mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65537, ni tasa kweli. Inayofuata ni hii yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6700417, namba mbili ambazo zenyewe ni tasa.

Euler hakubahatisha. Kama alivyoeleza baadaye, kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64, na sharti hilo moja hufagia karibu namba zote za kujaribu. Zinabaki 193, 257, 449 na 577, ambazo zote hushindwa, na inayofuata ni 641 yenyewe.

Hata hivyo, ninachokipenda zaidi ni kwamba 641 inaweza kuthibitishwa bila kugawanya kabisa. Tazama: 641 ni 640 + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Ukizidisha umbo hilo la pili kwa 2²⁸ unapata 640⁴ + 2³², kwa sababu 640 ni 5 × 2⁷. Kwa upande mwingine, 640⁴ − 1 hugawanyika kwa 640 + 1, kama aljebra ya sekondari inavyofundisha. Toa cha pili katika cha kwanza: 640⁴ inajifuta, inabaki 2³² + 1, na kwa kuwa vyote viwili vinagawanyika kwa 641, tofauti yao nayo inagawanyika. Sijui uthibitisho mfupi kuliko huo unaoangusha dai kubwa kiasi hicho.

Jambo la kushangaza ni kwamba kipimo cha Fermat mwenyewe cha namba tasa (pandisha namba fulani, iitwayo kizio, hadi kipeo kilicho pungufu kwa 1 kuliko namba unayoipima, kisha uone kama ukigawanya kwa namba hiyo baki ni 1), kikitumiwa kwa kizio cha 2, huipitisha namba hii kana kwamba ni tasa. Kwa kizio cha 3 ndipo hunaswa.

Kuna pia njia ya miraba. Namba hii ni 65536² + 1², jambo lililo wazi kutokana na umbo lake, lakini pia ni 62264² + 20449². Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo aliyeiona jozi ya pili angejua kuwa namba hii inagawanyika hata kabla ya kukutana na 641.