Mwaka wa pili kusomea tiba ya mahusiano, na ile rekodi ya dakika 50

Watu wakisikia nasomea tiba ya mahusiano, yaani kuwasaidia wapenzi na wanandoa kwa mazungumzo, huwa wananiuliza maswali mawili. La kwanza, "hivyo na hicho nacho ni cha kusomea?" La pili, "kwa hiyo mimi na mwenzangu tukija utatuambia nani ana makosa?" La kwanza naweza kulijibu kwa dakika mbili. Hilo la pili ndo limenikalisha hapa usiku huu, maana hata mimi naingia darasani siku ya kwanza nilikuwa naamini jibu lake ni ndiyo.

Nilikuwa na digrii ya saikolojia na miaka kadhaa ya ushauri nasaha kwa mtu mmoja mmoja, afu nje ya kazi ndo mimi niliyekuwa napigiwa simu saa sita usiku rafiki zangu wakikorofishana na wapenzi wao, nasikiliza huyu, nasikiliza yule, natoa neno langu, wanalala. Nikajua kabisa hii kazi naiweza, nimebakiza tu kuisomea.

Kwa wale mnaofikiria kujiunga, kwa kifupi iko hivi. Programu nyingi za uzamili ni miaka miwili mpaka minne, inategemea unasoma kutwa au jioni na wikendi. Kuna nadharia, kuna mazoezi ya darasani, kuna fildi ambako unakaa na wateja wa kweli chini ya msimamizi, na sehemu nyingi, hasa Uingereza, wanataka na wewe mwenyewe uwe unaenda tiba wakati unasoma. Baada ya hapo kila nchi na yake. Marekani majimbo yote 50 yana leseni ya tiba ya ndoa na familia, na California kwa mfano wanakudai saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi ndani ya wiki zisizopungua 104, na bado kuna mitihani. Uingereza sheria hailindi jina la kazi hii, yaani mtu anaweza kuamka kesho akajiita mtaalamu wa tiba ya mahusiano akaanza kupokea watu, kinachomtofautisha na aliyesoma ni usajili kwenye vyama vya taaluma. Hilo linaniuma sana kwa sababu watu wanakuja kwenye hivyo viti wakiwa na kitu cha thamani kuliko vyote walivyonavyo. Kwa hiyo ukitafuta mtu wa kuwasaidia muulize bila aibu, umesoma nini, umesajiliwa na nani, na nani anakusimamia. Hilo la tatu wengi hawajui kuliuliza, ila mtaalamu mzuri hata akiwa na miaka 30 kazini ana mtu anayempelekea kazi yake ikaangaliwe.

Sasa turudi kwenye rekodi.

Mwaka wa pili kuna zoezi ambalo wanafunzi wawili wanaigiza kapo na wewe unakuwa mtaalamu wao, dakika 50 kamili, mnarekodiwa. (Naandika hili kwa sababu lilikuwa igizo na wenzangu wote wawili wameniruhusu, wateja wa kweli hutawasoma hapa kamwe, hata nikibadilisha majina.) Mmoja aliigiza mtu wa kulalamika, sauti juu, vidole vinahesabu makosa ya mwenzake moja baada ya jingine, na mwingine aliigiza mtu wa kunyamaza, kajikunja kwenye kiti macho sakafuni. Nikaona naendesha vizuri tu. Nilikuwa mpole, nilikuwa nafuatilia, yule mkimya alipofungua mdomo nikahisi kabisa kwamba nimefanikiwa.

Afu mwalimu akaniambia nenda kaandike rekodi nzima neno kwa neno, hata "mmh" na hata kimya. Jamani. Dakika 50 zilinila wikendi nzima, unarudisha nyuma sekunde tano, unaandika, unarudisha tena. Nilipomaliza akaniambia chukua kalamu mbili za rangi tofauti, weka alama kila unapomsemesha huyu na kila unapomsemesha yule. Yule mkimya nilimsemesha mara 31. Yule wa sauti mara 9. Na katika hizo 9, sita zilianza na "kwa nini". Kwa nini ulimwambia hivyo, kwa nini hukusubiri, kwa nini mbele ya watu. Kwa mwenzake nilikuwa nauliza "ulijisikiaje", "ikakuwaje ndani yako", tena nikisikiliza rekodi nasikia hata sauti yangu inashuka nikimgeukia.

Tukakaa darasani kuijadili, yule rafiki yangu aliyeigiza mlalamikaji akasema kitu ambacho bado kiko kichwani kwangu. Alisema, "ilipofika dakika ya ishirini nilishajua nimehukumiwa, nikawa naongeza sauti angalau unisikie." Na alikuwa anaigiza tu! Anajua mimi ni rafiki yake, anajua tukitoka hapo tunakwenda kula pamoja, lakini mwili wake ulikaa kwenye kile kiti kama mtuhumiwa. Sasa fikiria mtu ambaye ndoa yake ndo imebebwa kwenye hizo dakika 50.

Nililia nilipofika kwangu, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo nadharia zilianza kuniingia kwa namna nyingine kabisa, kabla ya hapo nilikuwa nazisoma kama majina ya mtihani. Kuna huu mduara ambao kila anayefanya kazi na wapenzi anaujua, mmoja anamfukuzia mwenzake kwa maneno na mwingine anarudi nyuma, na jinsi huyu anavyozidi kurudi nyuma ndivyo yule anavyozidi kufukuzia, na kila mmoja akiulizwa anasema "mimi nafanya hivi kwa sababu yeye anafanya vile", na wote wawili wanasema kweli. Wanasaikolojia Sue Johnson na Les Greenberg, miaka ya themanini kule Canada, walijenga mbinu yao ya tiba kwa kukaa na kuangalia rekodi za vikao vya wapenzi tena na tena, na Johnson baadaye akaiunganisha na nadharia ya atachimenti, yaani ule uhitaji wa kuwa na mtu unayejua ukimwita ataitika. Daktari wa akili Mwingereza John Bowlby ndo aliianzisha kwa watoto, na mwanasaikolojia Mary Ainsworth ndo alitoka kwenda kuangalia kwa macho yake. Na nilifurahi sana kujua kwamba alianzia Uganda, mwaka 1954 na 1955, vijijini karibu na Kampala, anakwenda nyumba kwa nyumba kwa kina mama 26 kuangalia mtoto anafanya nini mama akisogea mbali. Wengi wanasimulia kana kwamba yote yalianzia maabara ya Marekani.

Kwa hiyo ile sauti ya juu niliyoiuliza "kwa nini" mara sita, ukiisikiliza kwa sikio hilo, inauliza upo au haupo. Na ule ukimya nao sio upole kama nilivyodhani. John Gottman aliyetafiti wapenzi kwa miaka mingi pale Seattle aliwafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakiwa wanabishana, na akaonyesha kwamba mtu anayejifunga kama jiwe mara nyingi ndani moyo unakimbia, ukishavuka mapigo 100 kwa dakika hapo kusikiliza kunakuwa kugumu mno, ndo maana wanashauri mpumzike walau dakika 20 kabla ya kuendelea. Mi nilimwona mmoja anashambulia na mwingine anaonewa. Kumbe nilikuwa na watu wawili wenye hofu.

Swali likabaki, mbona niliegemea upande ule haraka hivyo? Jibu halikutoka kwenye kitabu. Kuna kazi nyingine tunapewa ya kuchora jenogramu, mchoro wa familia yako vizazi vitatu, wanaume miraba, wanawake miduara, halafu mistari ya mahusiano, uliokatika kwa waliotengana, ule wa mikunjokunjo kwa waliokuwa wanagombana. Nilichora nikafika kwa wazazi wangu, mkono ukachora mistari ya mikunjo, nikajikuta nimekaa nautazama mduara wa mama. Mama yangu alikuwa mtu wa kunyamaza. Nilikua nikiwa mtu wa kumchungulia usoni nijue leo yukoje, na nikajifunza kumchukia kila anayepaza sauti ndani ya nyumba. Nilimpelekea mtaalamu wangu hilo jambo na tuko nalo mpaka leo, tunalienda pole pole. Wanaolalamika kwamba kulazimishwa kwenda tiba ukiwa mwanafunzi ni kupotezeana muda, hapo mimi siwezi kukubaliana nao hata kidogo, hizo saa ndo zinamlinda mteja dhidi ya yale niliyoyabeba toka utotoni.

Lakini kuna sehemu lazima niiseme wazi ili mtu asinielewe vibaya. Kutoegemea upande sio kila mahali. Pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, kuna kipigo, kuna vitisho, kuna mtu anadhibitiwa simu na pesa na nani aonane naye, hapo mduara wa "wote mnachangia" ni uongo na ni hatari, kwa sababu anaweza kuadhibiwa wakifika nyumbani kwa neno alilolisema kwenye kikao. Ndo maana tunafundishwa mwanzoni kumwona kila mmoja peke yake na kuuliza maswali ya usalama kwa lugha iliyonyooka, sio "mnagombanaje" ila "je, umewahi kumwogopa?" Jibu likiwa ndiyo huendelei na kikao cha wawili kana kwamba hujasikia, kwanza ni usalama. Msimamizi wangu hana mchezo na hili, na namshukuru kwa hilo. (Siri nazo, kama mmoja akikuambia pembeni ana mtu mwingine, hizo mnakubaliana kabla hamjaanza zitashughulikiwaje, sio baada.)

Wiki tatu zilipita, nikaomba turudie zoezi. Kapo ile ile, viti vile vile, rekoda juu ya meza. Rafiki yangu akaanza kama mwanzo, vidole vinahesabu, sauti inapanda, na mi nikahisi kabisa kifua kinabana na mwili unataka kugeukia upande wa pili kumlinda yule aliyejikunja. Nikabaki nilipo. Nikamgeukia yeye, nikamuuliza, "kabla sauti haijapanda, ile sekunde moja kabla, huwa unaona nini kwa mwenzako?"

Vidole vikasimama hewani. Nilikuja kuhesabu kwenye rekodi, ni sekunde 11 za kimya.

Akasema, "naona mgongo wake."

Yule mwingine akainua macho kutoka sakafuni akamtazama, na mimi sikuuliza chochote.