Nipe mji

Leo nimefika nyumbani saa mbili usiku, Jogoo Road ilikuwa imefungana kabisa, lakini wacha niandike kabla nisahau.

Darasa langu la gredi ya tano, watoto wa Kayole, Kiswahili wanakiongea kutwa nzima ila ni kile cha mtaani, na ngeli ndiyo inawaumiza. Mwezi wa kwanza kuna msichana wa dawati la nyuma alisimama akasema "Mwalimu, kiti yangu imevunjika", nikamrekebisha hapo hapo, changu, kimevunjika, darasa likacheka, na huyo mtoto hakufungua mdomo tena karibu wiki mbili. Hiyo imenikaa moyoni.

Nikajaribu michezo. Nikaandika majina kwa vizibo vya soda, ukichomoa kimoja unakitungia sentensi, ukipatia unapewa nyota, nyota tano penseli. Wiki ya kwanza kelele tupu, wiki ya tatu ni wavulana watatu tu wanashinda kila siku na wengine wameangalia dirisha, na penseli zenyewe zilikuwa zinatoka mfukoni mwangu. Ukikosa pale huna kazi tena, unakaa chini na aibu yako.

Ndio nikakumbuka vitendawili vya shosho, nyanya yangu. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Ukishindwa haukai chini, unaambiwa nipe mji, na wewe ndiye unachagua mji, mwenzako anaenda huko anakula anasalimia watu halafu anarudi na jibu, yai. Aliyeshindwa bado yuko ndani ya mchezo, tena bila yeye jibu halitoki. Na ngeli imo humo humo, nyumba yangu haina, kuku wangu ametagia mwibani, wanaimeza kwa sikio kabla hata sijataja I-ZI ama A-WA. Kipindi ni dakika thelathini na tano na siku hizi hazitoshi, kengele inalia bado wanategana.

Sasa leo nikawaambia watunge vyao. Yule msichana wa nyuma akainuka.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kiti changu kinakimbia na mimi nimekaa."

Nikasema matatu. Akatingisha kichwa. Nikafikiria, nikashindwa kweli.

"Nipe mji, Mwalimu."

Nikampa Lamu. "Aaa, Lamu nilienda jana." Nikampa Kisumu, akaenda, akala samaki na ugali, akasalimia kila mtu pale sokoni bila haraka yoyote, ndio akarudi akaniambia ni bodaboda.