Siku yangu na vinundu vya mikono, Moshi

Saa 1:40 asubuhi. Nashuka daladala, nakunywa chai ya haraka, naingia chumba cha altrasaundi. Leo ni siku ya kliniki ya mifupa, kwa hiyo probu ya tumbo, kile kifaa cha kupitisha juu ya ngozi, inapumzika. Natoa ile bapa ya megahezi 15, maana uvimbe wa mkono uko milimita chache tu chini ya ngozi.

Saa 2:30. Fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na kitu, ana kinundu mgongoni mwa kifundo cha mkono. Amekichua kwa dawa za kila aina, na jirani ameshamtisha kwamba ni kansa. Kwenye skrini ni cheusi tii, kina ukingo laini, na nyuma yake pameng'aa kwa kuwa mawimbi ya sauti hupita kwenye majimaji bila kudhoofika kama kwenye nyama. Nafuata kishingo chake hadi kwenye kiungo, kati ya skafoidi na lunati, vifupa viwili vya kifundo. Ganglioni, kifuko cha ute, uvimbe tunaoukuta mkononi kuliko mwingine wowote. Nyingi hunywea zenyewe. Ukivuta ute kwa sindano, mara nyingi hurudi.

Saa 4:15. Mzee kutoka Machame. Fomu inasema ganglioni, avutwe maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiki kinadunda, hasa usiku."

Kiko upande wa kiganja, pale pale wauguzi wanapopimia mapigo. Namuuliza kama aliwahi kuumia hapo. "Panga, nikipogoa kahawa. Kidonda kilipona chenyewe."

Namimina jeli nyingi, probu ielee. Wanafunzi wengi hukandamiza, na ukikandamiza mkono unaifuta damu kwenye picha, halafu unaandika kwamba hakuna mshipa. Kwa macho tu, hiki nacho ni cheusi kama cha yule binti. Nawasha Dopla, inayoonyesha kwa rangi damu inavyotembea: nyekundu na buluu zinazungukana ndani yake. Ukuta wa ateri ulitobolewa na panga, na kila moyo unapopiga damu inaingia kwenye kifuko na kutoka. Sindano hapa ingekuwa balaa. Sikusubiri kuandika ripoti. Nilimpigia daktari simu mzee akiwa bado kitandani.

Saa 7. Mtori. Umeme ukakatika, ukarudi.

Saa 8 mchana. Mama ntilie, kinundu kigumu kwenye kidole cha shahada. Hakuna maji humu, ni nyama, na Dopla inaonyesha damu ndani. Namwambia akunje na kunyoosha kidole: kano inateleza, kinundu hakitikisiki, maana kimeshika ala yake, yaani mfuko unaoizunguka kano. Aina hii kwa kawaida si saratani, ila siandiki jina kwa uhakika. Kitolewe, kipelekwe maabara.

Saa 9:20. Kijana wa shambani, kiganja kimevimba, eksirei yake safi. Ndivyo inavyokuwa, mti hauonekani kwa eksirei. Nakagua taratibu mpaka napata kimstari cheupe chenye kivuli nyuma na duara jeusi kukizunguka: kijiti, urefu milimita 7, kina milimita 4. Nachora kwa kalamu juu ya ngozi kimelalia wapi, na namsindikiza mwenyewe chumba cha upasuaji mdogo kabla jasho halijafuta alama.