Bado, ndivyo nilivyomjibu

Leo Jumapili, na neno lenyewe ni la Jumatatu. Siku sita nimelibeba mdomoni kama konyo la karafuu: si tamu, na silitemi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, napanda shambani na kikapu kitupu. Mbah, yule bibi jirani wa nyumba ya mbao, ambaye mbuzi wake walikula kanga yangu mwaka juzi, alikuwa chini ya mikarafuu anafagia majani makavu. Huku Java, Indonesia, nilikoolewa, majani yaliyopukutika hayaachwi yakaoza. Yanazolewa, yanatiwa guniani, yanauzwa kwa wapika mafuta. Nikamwamkia, akaitikia. Akaegemea ufagio wake, akanitazama vizuri, akasema: "Mbak, kapan kondur?"

Dada, unarudi lini nyumbani.

Ingekuwa Kiswahili, ningelijibu nikapita. Lakini Kijava kina ngazi, na mwenye kukisema huwezi kujificha, lazima neno lako lionyeshe umemweka mwenzako ngazi gani. Kurudi nyumbani kuna maneno matatu. Mulih ni la mtoto, la ndugu, la mtu mliyezoeana. Wangsul ni la kujisemea mwenyewe kwa adabu. Kondur ni la mkubwa wako, au mtu wa cheo, au mgeni. Mbah ana umri wa bibi yangu mzaa mama. Ukubwa sina, cheo sina. Mume wangu humwambia mulih. Binti yangu mulih. Mama mkwe, mulih. Mbuzi wale wale wala kanga, kwa masikio yangu haya, huwafukuza jioni kwa mulih. Mie, mwaka wa nne huu nachuma karafuu ng'ambo ya ua wake, kondur.

Nami nikajibu nini? "Dereng, Mbah." Bado.

Katika majibu yote ya dunia! Mtu akiulizwa utakwenda lini akasema bado, keshakubali kuwa atakwenda, imesalia tarehe tu. Ningeweza kusema "niende wapi tena, bibi?" nikacheka. Ningeweza kusema "jioni, nikimaliza kuchuma," nikajitia sikuelewa. Hapana. Bado, na uso wa adabu, kama mwanafunzi aliyeulizwa ada.

Akasema, "O, nggih," akaendelea kufagia.

Toka hapo sikulala vizuri. Jumatatu usiku niliamua alikuwa akiulizia siku ile tu, narudi lini kutoka shambani. Kisha nikakumbuka kikapu kilikuwa kitupu. Nani humuuliza mtu lini atatoka kabla hajaingia? Jumanne nikasema ni salamu, maana huku salamu ndiyo "waenda wapi", na wala hawangoji jibu. Lakini yeye aliegemea ufagio. Mtu haegemei ufagio kwa salamu. Jumanne hiyo hiyo usiku nikamwamsha mume wangu nimuulize kama lile kondur lilikuwa na chumvi. Akasema Mbah ananiheshimu. Nikamwambia heshima naijua, kwetu pia mgeni hupewa kiti kizuri, na kiti kizuri si cha mwenye nyumba. Akageuka upande wa pili.

Jumatano tulishuka Jombang mjini kwa mthibitishaji wa mikataba tukatia saini ule mkataba wa kutenganisha mali niliowaelezeni mwezi uliopita, kwa kuwa sheria yao ya ardhi ya mwaka 1960 haimpi mgeni hati ya kumiliki moja kwa moja, na mume aliyechanganya mali na mke mgeni naye hati yake huingia mashakani, na kabla ya hukumu ya Mahakama ya Katiba ya 2016 mkataba huo ilikuwa lazima uandikwe kabla ya ndoa. Basi shamba ni lake, mikarafuu arubaini na miwili, na fedha za gari langu la Maskati zimo humo chini ya mizizi. Mthibitishaji aliniuliza mara mbili kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nawaza ule ufagio.

Mamangu naye kapiga simu Ijumaa baada ya sala, kama kawaida. Hatukumaliza kuulizana hali, "Waja lini?" Nikamwambia bado mama, karafuu zikauke kwanza. Akasema haya, yeye zake keshaanika.

Ijumaa hiyo hiyo usiku ndiyo zamu yetu ya kuchambua. Wanawake wa jirani huja barazani, tunakaa chini kwenye turubai, kila mtu na rundo lake, tunatenga karafuu na makonyo. Hakuna tofauti yoyote na Pemba, isipokuwa baridi. Hii Wonosalam iko mlimani, na mie mtoto wa pwani nachambua nimejifunga shali mbili kama mzazi. Vidole vinakuwa vyeusi vile vile, mafuta yanawasha vile vile ukijisahau ukapangusa jicho. Mama mkwe anakaanga ndizi. Baba mkwe yuko nje na sigara yake ya karafuu inayolia kre-tek, kre-tek, ndiyo asili ya jina lake, na mie kila nikiisikia namkumbuka babu yangu akisema karafuu zetu huko Java huvutwa. Tulikuwa tukidhani mzee anatutania.

Mbah akakaa karibu yangu, goti kwa goti. Nikajitia kazi.

Simu yake ikaita, ile yenye kioo kilichopasuka. Ni binti yake wa Hong Kong, mwaka wa saba sasa anafanya kazi za nyumbani huko. Mbah hushika simu mbali kwa mikono miwili kama anayebeba sahani ya mchuzi, na hupiga kelele, kwa hiyo sote tukasikia. Aliuliza kama kala. Aliuliza kama kuna baridi. Kisha akauliza, "Kapan mulih, Nduk?"

Na yule binti akajibu, "Dereng, Mak."

"O, yo wis," akasema Mbah. Akaizima, akaitia kifuani, akachukua karafuu nyingine.

Sitawadanganyeni, la kwanza lililonijia lilikuwa wivu. Mwenzangu kaambiwa mulih. La pili lilichukua muda, na mkono wangu ulikuwa umesimama na konyo vidoleni, mpaka Mbah akanigeukia akaniuliza, polepole ili nielewe, kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai. Akauliza huko kwetu nako kuna karafuu?

Jamani. Kaniuliza mie, Mpemba, mtu wa kisiwa ambacho kimbunga cha 1872 kilikipitia mbali kikang'oa mikarafuu ya Unguja, na toka siku hiyo karafuu ni sisi! Nikamwambia Mbah, hii mikarafuu tunayochuma ni ya kwetu. Mnaiitaje aina hii? Akasema, "Janjibar." Maana zipo aina za Siputih na Sikotok, na hii yenye kuzaa sana ndiyo Zanzibar, ila z kwa wazee wa huku hugeuka j. (Na janji kwao ni ahadi. Miaka minne nadhani wanausema mti wa ahadi.) Nikamwambia, basi mie natoka Janjibar. Ni visiwa. Kimoja ndicho chetu.

Mbah akanitazama kwa huruma. Akasema, hapana mwanangu, Janjibar ni mti.

Wanawake wakacheka. Nikatoa simu, nikafungua ramani, nikaikuza mpaka Wete ikaonekana. Mbah akatazama, akasema wamekipa kisiwa jina la mti, si ajabu, hata huku viko vijiji vyenye majina ya miti. Nikamwambia ni kinyume chake, mbegu zilitoka kwetu. Akasema miti ile ilipandwa na mkwe wake kabla mie sijazaliwa, nitajuaje mie? Mama mkwe alicheka mpaka akasahau ndizi zikaungua. Nilijaribu kumweleza kwamba hata sisi tuliipata kwa watu, kwamba asili ya yote ni Maluku, Wafaransa wakaipeleka Mauritius kwa kuiba, kutoka visiwa vyao vile ndipo ikafika Unguja. Lakini Kijava changu hakifiki Mauritius, na Mbah alikuwa keshanishinda. Nilicheka mpaka machozi, na sikuyapangusa kwa sababu ya vidole.

Usiku mume wangu akataka kuniletea hekima yake, ati mti umezunguka dunia ukarudi kwao, na mimi... Nikamwambia alale, mie si mti.

Alipoondoka Mbah aliniaga, "Kula wangsul rumiyin, Mbak." Mie natangulia kurudi, dada. Kijava cha juu kile kile. Sikuwa na la kusema. Nilimshikia tochi mpaka akavuka mtaro, na nilipomwambia ateleze polepole badala ya atembee polepole, alisimama kucheka.

Sasa ni saa nne usiku, nyumba imelala, na jambo jingine linanikosesha raha. Mtungi wa gesi, ule mdogo wa kijani wa kilo tatu wanaouita tikiti, kama lile tunda, tumebadilisha jana, na nadhani unavuja. Nasema nadhani kwa sababu msimu huu nyumba nzima ni karafuu: mapazia, mito, nywele za mtoto, hata maji ya kunywa. Pua yangu haifanyi kazi tena. Nimemwita mume wangu anuse, kasema anasikia karafuu. Nimepaka povu la sabuni mdomoni pale kwenye rigileta, mara mbili. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili kikatoka kiputo kimoja kidogo upande wa nyuma, au labda nilipaka vibaya. Nimeufunga, nimefungua mlango wa jikoni na baridi yote hii inaingia, na asubuhi chai ya mtoto nitaichemsha kwa kuni.