Foleni ya Saanane

Desemba ikifika ukingoni, Mwanza hufurika. Mabasi ya Dar yanamwaga watu Nyegezi mpaka usiku, magodoro yanatandikwa sebuleni, na sato wa Mwaloni anapanda bei bila muuzaji kuona haja ya kujieleza. Mwaka huo kwetu Kirumba alikuja kaka yangu mkubwa na familia yake kutoka Orlando, Florida. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa amemwona mara ya mwisho akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

Watoto wa dada zangu walimpa jina siku hiyohiyo: Mmarekani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko tulivyotegemea, ila ngeli alizigawa kama karata. Jioni ya Krismasi akawakusanya binamu zake kwenye mkeka, akawasimulia Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney iliyofunguliwa huko kwao mwaka 1971. Kuna kasri. Kuna fataki. Kuna kigari kinachokimbia gizani ndani ya jumba jeupe, kinaitwa Space Mountain. Mimi nilikuwa pembeni nachambua karanga, na kilichonishangaza ni kwamba kijana alizisifia foleni kuliko michezo yenyewe. Wiki ya kati ya Krismasi na mwaka mpya, alisema, watu hawana pa kukanyaga. Mbele ya kila mchezo kuna ubao wenye namba: dakika 60, dakika 120. Unausoma, unaiuliza roho yako kama itaweza. Wenye hela zao wanalipia njia ya pembeni, wanawapita wenzao.

"Mkishasimama hizo saa mbili," mtoto wa dada akauliza, "mnapanda kwa muda gani?"

"Dakika tatu hivi."

Wakatazamana. Halafu wote wakanigeukia: Mjomba, na sisi tunataka huko.

Mwanza hakuna kitu kama hicho. Kuna mabembea, kuna yale mapulizo ya watoto kurukia kwenye hoteli za ufukweni, na sikukuu yote hayo unayalipia kwa dakika huku ukisukumwa. Mama akakata shauri kabla sijajibu. "Wapeleke kisiwani Saanane wakaone simba. Mimi nitakaa na chakula upande huu."

Hakuna aliyeuliza kwa nini upande huu. Nyumbani tulikuwa tunajua.

Kaka na mkewe walikuwa wameitwa Geita kwa wakwe, kwa hiyo tarehe 26 nilitoka mimi, dada yangu, Mama, na watoto saba. Ukifika Capri Point, zinapoondokea boti za kisiwani, siku ya Boksingi unadhani mji mzima umepewa anwani moja. Watoto wa kiume wamevalishwa suti za vipande vitatu jua la saa nne, wa kike magauni ya kuvimba, wote na miwani ya plastiki, na viatu vile vinavyowaka taa kisiginoni kila mguu ukigusa chini. Akina mama wamebeba hotipoti. Mtu na spika yake begani. Kisiwa chenyewe kiko palepale mbele, kama kilomita mbili kutoka katikati ya jiji, mawe na miti, unakiona kabisa. Hapo ndipo uchungu wa foleni ulipo.

Dirishani tulikwama kidogo. Karani aliangalia pasi ya kijana, akaniangalia mimi, akasema kwa upole kwamba huyu analipa kama mgeni.

"Mgeni?" Mama akasogea. "Baba yake nimemzaa Bugando pale juu."

"Naelewa, mama. Ila yeye pasi yake ni ya Marekani."

Tukapewa kontro namba mbili za kulipia, moja ya Watanzania na moja ya mjukuu. Mama hakuridhika, na nadhani mpaka leo hajaridhika. Akaenda kutandika kitenge chini ya mti, akapanga hotipoti ya pilau, soda, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, aliyotumiwa kutoka Magu, akakaa akiwa ameipa mgongo miamba na kuyatazama maji.

Tukaingia kwenye mstari. Mmarekani akazungusha macho. "Baba mdogo, ubao uko wapi?"

"Ubao gani?"

"Wa dakika."

Nikamwambia hapa ubao ni jua. Hakucheka. Akatoka mstarini, akaenda mpaka gatini, akarudi anahesabu kwa kidole. Alikuwa amegundua mambo manne: mbele yetu kuna watu tisini na sita, boti ni mbili, na kila moja inachukua abiria kumi na wawili, boti moja kwenda, kushusha, kupakia na kurudi inakula dakika ishirini na tano. Akaokota kifuniko cha katoni ya soda, akaomba kalamu ya dada, akaandika kwa herufi kubwa DAKIKA 100, akakiinua juu ya kichwa.

Watu walianza kwa kucheka. Baada ya muda mzee mmoja mwenye kofia ya mkeka akamwita, "Wewe karani, na mimi je?" Kijana akaenda kuhesabu, akarudi: dakika hamsini. Ilipofika hamsini, mzee akawa anavalishwa boya, na kuanzia hapo jina la Mmarekani likafa. Foleni nzima ikawa inamwita Karani. Kina mama wanamwuliza kama kuna muda wa kumpeleka mtoto chooni. Vijana wanawekeana dau la soda. Kila boti ikiondoka anakata namba ya zamani na kuandika mpya, na binamu zake, ambao jana walikuwa wanamcheka ngeli, wanapita mstarini kutangaza kwa sauti kama makondakta wa Igoma.

Aliyeharibu hewa alikuwa kaka mmoja mwenye miwani myeusi, yuko mbele yetu kidogo na mkewe na watoto wake. Alikuwa ameshapiga simu kwa "mkubwa" fulani, simu haikuzaa kitu. Boti iliporudi akamwambia nahodha, kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Bosi, hapo wanaingia hata ishirini. Watoto wanapakatwa."

"Maboya ni kumi na mawili," nahodha akasema.

"Mtoto hahesabiwi!"

"Kwangu anahesabiwa."

Jua lilikuwa limeshapanda, na kwa kweli benchi la nyuma la ile boti lilionekana lina nafasi. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema safari yenyewe ni dakika kumi, mwingine akasema watu wanafanya kazi kama wanatoa msaada. Hata mimi moyoni nilikuwa upande wa yule kaka. Watoto saba wenye njaa wanaweza kukufanya uwe upande wowote. Nikamwona Mama anasimama kutoka chini ya mti, upawa bado mkononi, anakuja taratibu.

"Kijana," akamwambia, "mwaka 1996 ulikuwa wapi?"

Akashangaa. "Nilikuwa shule ya msingi, Musoma."

"Basi ulisikia."

Kila mtu wa kanda hii alisikia. Meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba kupitia bandari ya Kemondo, mji wa Mwanza ukiwa karibu. Ilikuwa imejaza kupita uwezo wake. Mama wakati huo alikuwa anauza dagaa, na rafiki yake wa meza ya jirani alikuwa mtu wa ndizi: anakwenda Bukoba, anapakia mikungu, anarudi na meli. Asubuhi hiyo Mama alikwenda bandarini na mkokoteni kumpokea, kama walivyokuwa wanafanyiana. Rafiki alisafiri daraja la tatu, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi ya mizigo na nauli nafuu. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Kwa siku kadhaa Mama na watoto wa yule mama walizunguka wakiuliza, na walichokuwa wanajibiwa ni kwamba jina hilo halimo. Halikuwa limeandikwa mahali popote. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, na huko Mama huenda kila mwezi wa tano bila kujua anasimama kwenye kaburi la nani.

Tangu hapo hajapanda chombo cha maji, hata pantoni. Septemba 2018, pantoni ya MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya inaoruhusiwa, wakafa 228, alizima redio, akaenda kulala mchana.

Hayo yote hakuyasema pale gatini. Alisema hivi tu: "Na siku ile kila aliyepanda Kemondo aliambiwa bado kuna nafasi." Akamgeukia nahodha. "Baba, hesabu hivyohivyo." Kisha akamshika mkono mtoto wa kiume wa yule kaka, ambaye taa za viatu vyake zilikuwa zinawaka kwa kukanyagakanyaga kwa njaa, akampeleka kwenye kitenge na kumpakulia pilau. Watoto wetu wakamfuata. Foleni ikatulia. Yule kaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Karani alikosea kwa dakika saba, akalaumu kwaya moja iliyotaka kupiga picha kabla ya kuvaa maboya.

Kisiwani tulipita haraka kuliko tulivyosubiri. Zamani palikuwa kwa Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Mwaka 1964 serikali ikapageuza bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa. Ni ndogo kuliko zote Tanzania, kilomita za mraba 2.18, na humo maji yamo. Simba alikuwa amelala bandani, kawapa watu mgongo, na watu wamejipanga kumpiga picha huo mgongo. Swala pala walikuwa wanapita kati ya familia bila wasiwasi. Pimbi walijaa juu ya mawe, na mwongoza wageni aliposema huyu mnyama wa kiasi cha sungura ni ndugu wa tembo kwa ukoo, mtoto wa dada alimjibu, "Anko, usitudanganye, ni sikukuu."

Tulipokaa muda mrefu ni kwenye jabali moja lililoelekea jua, kwa sababu ya mjusi. Kichwa na mabega ni mekundu ya kuelekea waridi, kiwiliwili na mkia bluu, na alikuwa anapiga pushapu kabisa, anainuka, anashuka, anatutazama kwa jicho moja. Karani akalala kifudifudi hatua mbili kutoka kwake. "Amevaa Spider-Man," akanong'ona. Mwongoza wageni akamwambia wataalamu wanamwita Agama mwanzae, kwa jina la mji huu. Kijana akataka kujua kama huyu naye akienda Florida atalipa kama mgeni. Ndiyo mara ya kwanza nilijua lile la dirishani lilimwingia.

Saa tisa wingu likatokea upande wa ziwa, jeusi, limekuja kwa kasi. Sasa foleni ikageuka: walioingia kidogokidogo kutwa nzima walitaka kutoka wote kwa pamoja. Upepo ukaanza kuvuruga maji. Nahodha ni yuleyule na hesabu yake ni ileile. Mama akawa anapiga simu kila baada ya muda mfupi. "Mmebaki wangapi?" Nikimwambia wengi, anakata, nikimwambia tunavaa maboya, anakaa kwenye laini bila kusema kitu, namsikia anavyohema.

Tuliingia botini matone ya kwanza yakianguka. Karani alihesabu vichwa kwa sauti, kwa Kiingereza, kwa woga nadhani, maana wimbi lilikuwa linagonga ubavu. Kumi na wawili. Sawasawa. Nahodha akamwitikia kwa kichwa kama mtu na karani wake kweli, tukaondoka.

Mama alikuwa kasimama gatini, kitenge kimeloa, anamgusa kila mtoto kichwani anaposhuka. Mmoja, wawili, mpaka saba. Halafu akamgusa wa nane.

Ndiye yule wa viatu vya taa. Alikuwa amejichanganya na wetu tangu pilau, akazunguka nao kisiwa kizima, wakapanga mstari naye akapanga, wakavalishwa boya naye akavalishwa. Dada alidhani ni wa kwaya. Mimi sikudhani chochote. Kwa Karani idadi ilikuwa imetimia, na majina si kazi yake.

Boti iliyofuata ilichelewa kuondoka kule ng'ambo, na sasa tulijua kwa nini. Yule kaka alishuka wa kwanza, amelowa chapachapa, miwani hana, viatu mkononi. Inaonekana alikuwa amepanda mawe yote ya Saanane akiita. Mkewe nyuma yake analia. Mtoto alikuwa amekaa juu ya hotipoti tupu, anakula matobolwa.

Dada akafungua mdomo. Nilijua anataka kumkumbusha nini, na Mama alijua pia, akamtazama mara moja tu, Dada akaufunga.

Yule kaka akamkumbatia mwanawe na mvua ile. Kisha akasogea mbele ya Mama, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama akasema. "Ameshakula mara mbili, usimpe kitu kizito usiku."