Pipeti fiksi haina cha kuzungusha, ila inataka kutunzwa

Kwa maabara ndogo ya kituo cha afya, ambayo asubuhi benchi limejaa wagonjwa na nyie mko wawili tu, mi nachagua pipeti (kile kifaa cha mkono cha kuvutia na kumwagia kiasi kidogo cha kimiminika) fiksi, ile ya ujazo mmoja, kuliko zile za kuzungusha namba. Ukiwa na ya maikrolita 10 (maikrolita 1000 ni mililita moja), ya 20, ya 100 na ya 1000 umemaliza karibu kazi zote za kemia na damu, alafu hamna habari ya kukuta namba imeachwa pale mwenzako alipoishia ukavuta 50 ukidhani ni 20. Na hizi ndo zilizotangulia: Heinrich Schnitger alitengeneza yake kule Marburg, Ujerumani, mwaka 1957, enzi ambazo watu walikuwa bado wananyonya sampuli kwa mdomo (hebu fikiria, seramu ya mgonjwa), na Eppendorf walipoziingiza sokoni miaka ya 1960 zilikuwa za ujazo mmoja. Za kuzungusha zimekuja baadae.

Sasa shida ni kwamba kwa vile haina cha kuzungusha, watu wanaiamini mno. Imeandikwa 10, basi wanajua imetoa 10. Chukua kipimo cha sukari, maikrolita 10 za seramu kwenye 1000 za rijenti (kemikali ya kipimo), unasubiri, unasoma kwenye mashine. Pipeti ikiwa inavujisha hewa ikachukua 8, mgonjwa mwenye sukari ya 7.2 mmol/L ambaye hajala tangu jana usiku atasomeka 5.8 hivi, wakati mstari wa kisukari kwa mtu ambaye hajala ni 7.0, yaani umemrudisha nyumbani ukimwambia yuko sawa. Kuna wanaosema mbona standadi (ile yenye kiwango cha sukari kinachojulikana, ya kulinganishia) nayo tunavuta kwa pipeti hiyohiyo, kosa linafutana. Ni kweli kama inakosea vilevile kila mara, ila inayovuja haikosei vilevile, mara 8 mara 9 mara 10 kamili, na kama faktori, yaani namba ya kuzidishia inayotokana na standadi, ilihifadhiwa kwenye mashine wiki iliyopita kabla pipeti haijaharibika, hapo hakuna kinachofutana.

Kwa hiyo mkono kwanza. Bonyeza mpaka stopu ya kwanza, pale kitufe kinapogoma mara ya kwanza, ukiwa bado nje ya sampuli, zamisha tipu (kale kamrija ka plastiki ka mbele) milimita 2 au 3 tu, pipeti imesimama wima, alafu achia kidole gumba taratibu, taratibu kweli, usikiachie kikaruka, maana kikiruka hewa inaingia na seramu inaweza kupanda hadi kwenye shingo ya pipeti. Ngoja sekunde moja ndo utoe. Wakati wa kumwaga gusisha tipu kwenye ukuta wa tyubu, iinamishe kidogo, bonyeza hadi stopu ya kwanza kisha ya pili kumalizia. Tipu mpya ivutishe na umwage mara mbili tatu kabla ya kupima, kwa sababu mvuto wa kwanza mara nyingi unatoa pungufu. Vitu vizito kama seramu wengine wanavuta kinyume, wanaanzia stopu ya pili na kumwaga wanaishia ya kwanza, ni njia nzuri, ila wote hapo maabara mfanye hivyo, sio mmoja hivi na mwingine vile.

HB (hemoglobini ya damu) kwa Drabkin, kimiminika cha kuchanganyia damu kabla ya kusoma, ndo inataka macho zaidi. Ni maikrolita 20 za damu kwenye mililita 5, na damu ina tabia ya kung'ang'ania nje ya tipu. Kamaikrolita kamoja tu kakibaki nje ni asilimia 5, HB ya 10 inasomeka 10.5. Futa ubavu wa tipu kwa tishu ukishuka chini, ila tishu isiguse mdomo wa tipu maana itanyonya damu ya ndani, kisha ukishamwaga vuta na kumwaga hiyo hiyo Drabkin mara kadhaa mpaka uone ndani ya tipu hakuna wekundu. Wanafunzi wa fildi nawasisitizia hili hadi wananichoka.

Kuhusu utunzaji, pipeti inakaa kwenye standi, wima. Sio kwenye mfuko wa koti wala kulazwa mezani ikiwa na tipu yenye kimiminika, kwa sababu kinaingia ndani kinakula pistoni. Mwisho wa siku ifute kwa spiriti ya asilimia 70. Ikiingiwa na sampuli ifungue siku hiyohiyo, na ukifungua panga vipande juu ya tishu kwa mfuatano uleule ulivyovitoa, springi, oringi (ule mpira wa kuzuia hewa isivuje), pistoni, maana springi ikirudi kichwa chini miguu juu hutapata stopu ya kwanza vizuri. Osha, kausha kabisa, grisi ya silikoni paka kidogo sana, ikizidi inakamata vumbi. Otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ni kwa zile tu ambazo kitabu chake kinaruhusu.

Kujua kama inavuja ni rahisi: vuta maji, ishike wima sekunde kama 15, tone likijitengeneza mdomoni, badilisha tipu urudie, likirudi ujue ni oringi.

Ila kutovuja sio kupima sawa, hapo unaenda kwenye mzani. Distildi wota iliyokaa chumba kimoja na pipeti, pima mara 10, chukua wastani. Kwenye joto la nyuzi 25 maikrolita 1000 zinatakiwa ziwe na gramu 0.996 hivi, hivyo zidisha uzito kwa 1.004 upate ujazo. ISO 8655, kiwango cha kimataifa cha pipeti, inaruhusu kupotoka asilimia 0.8 kwa ya 1000, yaani maikrolita 8 juu au chini. Mzani wa desimali nne unaiweza hiyo. Kwa ya maikrolita 10 usijidanganye nao, uzito mzima ni miligramu 10 na mzani unaruka kwa 0.1, hiyo ipelekwe kwa wenye mzani wa kalibresheni, na ikirudi bandika tarehe kwenye mwili wake, sio kwenye boksi, kwa sababu boksi huwa linapotea.